Nick Brandt na picha zake za wanyama wa kwetu: maswali mnayouliza mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu wananiuliza sana kuhusu Nick Brandt, wengine ni wapiga picha wa harusi wanaotamani kuhamia porini, wengine ni wanafunzi wa sanaa, na wengine waliiona tu ile picha ya tembo mahali wakashindwa kuisahau. Nimeyaweka pamoja ili yeyote akiuliza nimlete hapa. Mengine nimeyajibu kwa kirefu na mengine kwa kifupi maana hayana mengi.

Huyu Nick Brandt ni nani hasa?

Ni Mwingereza, kazaliwa London mwaka 1964, akasoma uchoraji na filamu pale Saint Martin's School of Art, halafu mwaka 1992 akahamia Marekani, California. Kuanzia mwaka 2001 akaanza kupiga picha za wanyama Afrika Mashariki, zaidi Amboseli, lakini pia Maasai Mara, Serengeti na Ziwa Natron. Kwa hiyo tembo na simba wengi mnaowaona kwenye kuta za majumba ya sanaa Ulaya na Marekani ni wa hapa hapa, chini ya Kilimanjaro. Ndiyo maana nasema kazi yake inatuhusu sisi kuliko inavyowahusu wanaoinunua.

Ni kweli alifanya kazi na Michael Jackson?

Ndio, kweli kabisa. Kabla ya kushika kamera ya picha alikuwa mwongozaji wa video za muziki, na mwaka 1995 ndiye aliyeongoza video ya Earth Song, ile inayoonyesha tembo aliyeuawa na misitu iliyokatwa. Ilipigwa sehemu nne tofauti duniani na Tanzania ilikuwa mojawapo. Ni hapo ndipo aliponasa, aliwaona wanyama wetu kwa macho yake na hakutoka tena, miaka michache baadaye akaona kwamba anachokisikia juu ya wanyama hawezi kukisema kwa video ya mtu mwingine, akaiacha ile kazi yenye hela ya uhakika akaenda kukaa vumbini na kamera. Huo ni uamuzi mkubwa, tusiuchukulie poa.

Picha ya sanaa ya wanyamapori inatofautianaje na picha za kawaida za mbugani?

Picha nyingi za mbugani zinatafuta tukio. Simba anakamata nyumbu, mamba anaruka kutoka mto Mara, chui anapandisha swala mtini. Hizo zina kazi yake na wanaozipiga ni watu wenye subira ya ajabu, siwadharau hata kidogo. Ila mpiga picha wa sanaa anaanza kutoka kwingine, ana kitu anataka kusema, na picha inatengenezwa kubwa, kwa idadi ndogo, ili itundikwe ukutani na mtu aiangalie kwa miaka.

Kwa Brandt tukio halipo kabisa. Mnyama amesimama tu. Amekaa, anaangalia upepo, anakunywa maji. Yeye anampiga mnyama kama mpiga picha wa studio anavyompiga mzee wa heshima aliyevaa kanzu yake ya Ijumaa, anasubiri mpaka ile nafsi yake itokee usoni. Ukiangalia simba wake mmoja aliyempiga Maasai Mara mwaka 2006, upepo wa mvua unapuliza manyoya na mbingu nyuma imejaa, huwazi kwamba huyu atakula nani leo, unawaza huyu ni nani.

Anatumia kamera gani na lensi gani?

Hili ndilo swali namba moja kwa wapiga picha, na jibu linawashangaza wengi. Kwa zile kazi za mwanzo alitumia Pentax 67, kamera ya filamu, nzito kama tofali, inayotoa negativu (kipande cha filamu kinachobeba picha) kubwa ya sentimita 6 kwa 7. Mkanda wa kawaida wa filamu wa aina inayoitwa 120 unakupa picha 10 tu halafu ubadilishe, sasa fikiria uko mbele ya tembo dume, mwanga unabadilika, vumbi linaingia kila mahali, na umebakiza picha 2 kwenye mkanda. Kamera haikusaidii kufokasi, haikupigii picha ishirini kwa sekunde, na hujui umepata nini mpaka ukirudi ukasafishe picha.

La pili, na hapa ndipo kwenye siri yote, hakutumia lensi ndefu za kuvuta kutoka mbali. Wapiga picha wengi wa wanyama wanabeba lensi za milimita 400 au 600, kubwa kama mtutu, wanakaa mbali wanamvuta mnyama. Brandt alikataa. Msimamo wake ni kwamba huwezi kumpiga binadamu picha ya uso ukiwa umbali wa mita hamsini ukategemea kupata roho yake, kwa hiyo na mnyama ni hivyo hivyo, lazima umkaribie. Na faida nyingine ni kwamba lensi ya kawaida inaingiza mbingu, mawingu, nyasi, mlima, mnyama anaonekana yuko kwao, wakati lensi ndefu inafuta nyuma kote inabaki rangi iliyoyeyuka.

Ila kumkaribia mnyama wa porini sio kukanyaga mafuta umfuate. Ni kukaa. Unakaa naye siku nyingi mpaka akuzoee, mpaka gari lako liwe kama jiwe tu kwake. Kwa yule simba wa Mara niliyemtaja hapo juu Brandt alikaa naye zaidi ya wiki mbili, simba kalala muda wote kama simba wanavyolala, mpaka siku dhoruba ilipokuja simba akainuka akakaa kwenye upepo. Wengi wetu tungeondoka siku ya tatu.

Kwanini nyeusi na nyeupe?

Kwa sababu rangi inakuambia ni leo. Nyasi kijani, mbingu bluu, unajua ni picha ya safari. Ukiondoa rangi picha inaonekana ya zamani, kama ile ya babu kwenye fremu sebuleni, na yeye ndicho alichokitaka, uwaangalie wanyama hawa kama unaangalia watu ambao tayari wanaondoka. Kitabu chake cha kwanza, On This Earth, cha mwaka 2005, kina huo ulaini na huo ukahawia wa kizamani. Cha pili cha 2009 kinaanza kuwa kikavu zaidi, na cha tatu cha 2013 ni kikali, humo kuna pembe za tembo waliouawa na vichwa vya wanyama waliowindwa kwa ajili ya kutundikwa ukutani, amevipeleka tena porini kwenye vilima vya Chyulu, Kenya akavipiga vikiwa vinatazama nchi ile ile vilikotoka.

Si ni Photoshop tu?

Hapana. Negativu anaiingiza kwenye kompyuta na anafanya kile ambacho mafundi wa chumba cha giza, kile cha kusafishia filamu, walifanya tangu zamani, hapa anang'arisha, pale anatia giza. Mnyama, mawingu, vumbi, vyote vilikuwepo mbele ya kamera. Kuna kazi moja tu kubwa ambayo ameunganisha picha mbili na hilo amelisema wazi, naielezea huko chini.

Yule tembo anayekunywa maji bado yuko hai?

Hayupo. Na hii ndiyo habari iliyobadilisha maisha ya Brandt kwa hiyo nitaielezea vizuri.

Amboseli ni mbuga ndogo, kilomita za mraba 392 tu, lakini ina maji mwaka mzima kwa sababu mvua ya Kilimanjaro inapita chini ya ardhi na kutokea kwenye vinamasi. Tembo wa pale ndio wanaojulikana kuliko tembo wote duniani, mtafiti Cynthia Moss na wenzake wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1972, wanajua nani mama wa nani, nani dada wa nani, kila mmoja ana jina. Mmoja alikuwa dume anaitwa Igor. Alikuwa mpole, amezoea watu, na mwaka 2007 akamruhusu Brandt asogee mpaka mita chache akampiga akiwa anakunywa maji, mkonga umejikunja, pembe ndefu, maji yametulia kama kioo. Ile picha imezunguka dunia.

Oktoba 2009 majangili wakamuua Igor kwa ajili ya pembe zake. Alikuwa na miaka 49. Brandt mwenyewe alisema huenda ni ule ule uaminifu uliomruhusu yeye asogee ndio uliowaruhusu na majangili wasogee. Mimi kila nikiiangalia picha ile nalikumbuka hilo, na sidhani kuna mtu anayewapenda wanyama anaweza kulisoma hilo akakaa sawa.

Na haikuwa Igor peke yake. Miaka ile ilikuwa mibaya kote. Upande wa Tanzania sensa zilionyesha tembo wameshuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 hadi kama 43,000 mwaka 2014, yaani miaka mitano tu zaidi ya nusu wameisha. Amboseli yenyewe mwaka 2009 ilikuwa na ukame mkali juu ya hayo, ng'ombe na nyumbu walikufa kila mahali, na mfugaji aliyepoteza ng'ombe wote ni rahisi kushawishiwa na mtu wa pembe.

Alifanya nini baada ya hapo? Hii Big Life ni nini?

Septemba 2010 Brandt akaanzisha shirika la Big Life Foundation pamoja na Richard Bonham, mtu ambaye alishakuwa anafanya kazi ya uhifadhi na Wamasai wa eneo lile kwa miaka mingi. Wazo lake la msingi lilikuwa rahisi kulielewa: tembo hajui mpaka wa Kenya na Tanzania, jangili anaujua na anautumia, anaua huku anakimbilia kule. Kwa hiyo doria ziwe pande zote mbili na zizungumze. Leo shirika linafanya kazi kwenye eneo la kama ekari milioni 1.6 linalozunguka Amboseli, lina marenja mia kadhaa, wengi wao vijana wa Kimasai wa vijiji vile vile.

Kitu ninachokipenda kwenye kazi ile ni kwamba haikuishia kwenye bunduki na magari. Kuna mfuko wa fidia, simba akila ng'ombe wa mtu mfugaji analipwa sehemu ya hasara, na jamii ikiua simba malipo yanakatwa, kwa hiyo majirani wenyewe wanakuwa walinzi. Na tangu mwaka 2012 kuna Olimpiki za Kimasai, morani wanashindana kukimbia, kurusha mkuki na rungu, kuruka juu, badala ya ile desturi ya kuonyesha ushujaa kwa kuua simba. David Rudisha, bingwa wetu wa mita 800, alikuwa mlezi wake. Wazee wa kimila walikubali, na bila wazee kukubali lisingefika popote.

Halafu kuna picha alizopiga mwaka 2011 za marenja hao wakiwa wameshika pembe za tembo waliouawa, renja mmoja amesimama katikati ya uwanda mtupu, pembe zimempita urefu. Mpaka pale watu walikuwa hawajaingia kabisa kwenye picha zake. Kumbukeni hilo, nitalirudia.

Ni kweli Ziwa Natron linageuza ndege kuwa mawe?

Hapana jamani. Hii ilisambaa sana mwaka 2013, kwamba Tanzania kuna ziwa la mauti, ukigusa tu unakuwa jiwe, na chanzo chake ni picha za Brandt zilizotolewa bila maelezo yake. Ukweli ni huu.

Natron iko kaskazini mwa Tanzania, mpakani na Kenya, jirani na Ol Doinyo Lengai, mlima wa Mungu kwa Wamasai, ambao ni volkano ya aina yake inayotoa lava yenye magadi. Magadi hayo yanaingia ziwani, maji yanageuka mvuke kwa jua, hayana pa kutokea, kwa hiyo yanakuwa makali sana, pH inafika 10 na zaidi. Ndege au popo akifa ziwani, magadi na chumvi vinamkausha na kumhifadhi, ni jambo la karibu na lile walilofanya Wamisri wa kale kwa maiti za wafalme wao. Wanyama hao Brandt aliwaokota ufukweni wakiwa wameshakauka, wagumu kama udongo uliochomwa, halafu akawaweka kwenye matawi na kwenye maji katika mikao ya uhai, akapiga picha. Mikao aliitengeneza yeye na hajawahi kuficha.

Na huku tukisema ziwa la mauti, ziwa hilo hilo ndiyo hospitali ya uzazi ya heroe wadogo, wale flamingo wa waridi, inakadiriwa robo tatu ya wote waliopo duniani wamezaliwa pale. Maji makali ndiyo yanayowalinda, fisi na mbweha hawawezi kuvuka kwenda kwenye viota. Likichezewa ziwa lile hakuna kwingine pa kuwapeleka. Kwa hiyo ukiona mtu anasambaza ile stori ya mawe, mweleze na hili.

Na yale mabango ya tembo kwenye jalala?

Hii kwangu mimi ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ikiwa utaangalia mradi mmoja tu angalia huu. Unaitwa Inherit the Dust, kitabu kilitoka 2016, picha zilipigwa Kenya.

Alichukua picha za zamani ambazo hakuwahi kuzitoa, akazichapisha kwa ukubwa halisi wa mnyama, tembo mwenye ukubwa wa tembo, akazibandika kwenye mabango makubwa na kuyasimamisha sehemu ambazo wanyama hao waliwahi kupita na leo hawapiti tena. Jalalani. Chini ya daraja la barabara. Machimbo ya mawe. Kiwandani. Halafu akapiga picha mpya ya panorama, yaani pana sana, bango likiwa humo ndani pamoja na watu wanaoendelea na shughuli zao, wengi hata hawaliangalii. Kuna moja ya chini ya daraja, familia ya tembo imesimama kwenye bango, vijana wa mtaani wamelala na kukaa chini mbele yao, na juu kabisa barabarani kuna tangazo la biashara linamwambia mpita njia ajiegemeze tu maisha yake yanakwenda vizuri. Tangazo lile lilikuwepo pale lenyewe.

Uzito wa picha hizi ni kwamba huwezi kumlaumu aliye jalalani. Yule mtoto anayeokota chupa hajamfukuza tembo. Wote wawili, mtoto na tembo, wamekosa mahali, na walioamua hivyo hawamo kwenye picha. Ukikaa nayo unaona kwamba Brandt ameanza kufikiri tofauti na alivyofikiri 2001, na mimi naona hapa ndipo alipokomaa.

Zile za rangi, zenye sheli na stendi, alizipigaje bila simba kula watu?

Huo ndio mradi wa This Empty World, 2019, na ndio ule nilioutaja kwamba picha mbili zimeunganishwa. Alijenga seti kwenye ardhi ya Wamasai karibu na Amboseli: sheli ya mafuta, stendi ya basi, barabara inayojengwa. Kwanza alijenga sehemu ndogo tu ya seti, akafunga kamera na taa, halafu akasubiri wiki hata miezi mpaka wanyama wa porini wazoee na waingie wenyewe kwenye fremu usiku. Tembo, twiga, fisi. Akishapata, seti yote inajengwa kikamilifu, kamera haijasogea hata kidogo, wanaletwa watu wa maeneo yale, abiria, mafundi, wanapigwa picha ya pili. Mbili zinaunganishwa zinakuwa moja. Ukiiona, tembo na mtoto wake wamesimama katikati ya abiria wanaosubiri basi na kila mtu anaangalia simu au anaangalia mbele. Kazi ilipokwisha seti zilibomolewa na vifaa karibu vyote vikatumika tena.

Mbona siku hizi anapiga watu zaidi kuliko wanyama?

Kwa sababu alifuata swali lake mpaka likamfikisha kwa watu. Mwishoni mwa 2020 alikuja Kenya na Zimbabwe kupiga The Day May Break, picha za watu walioharibiwa maisha na ukame na mafuriko, wamekaa fremu moja na wanyama waliookolewa, kwa wakati mmoja, hakuna kuunganisha. Wanyama hao wanaishi kwenye vituo vya uokoaji na hifadhi, wamezoea binadamu, ndiyo maana iliwezekana. Ukungu unaouona ni wa mashine, umetengenezwa kwa maji, umefunika dunia yote nyuma wamebaki wao tu. Kwa Kenya mmoja wa waliopigwa ni Najin wa hifadhi ya Ol Pejeta, kifaru mweupe wa kaskazini. Wamebaki wawili tu duniani, yeye na binti yake Fatu, dume la mwisho Sudan lilikufa Machi 2018. Najin na watu wako fremu moja, kimya. Picha ile sina maneno yake.

Baadaye akaenda Bolivia kwa mtindo huo huo, halafu Fiji ambako aliwapiga wakazi wa visiwa wakiwa chini ya maji kweli kweli, wamekaa kwenye viti na makochi chini ya bahari, maana bahari ndiyo inayopanda kuja kwenye nyumba zao, na hakuna mnyama hata mmoja. Kisha jangwani Jordan na familia za wakimbizi wa Syria, 2024.

Lakini si ni mzungu mwingine tu anayekuja kupiga picha za shida zetu?

Swali halali na sitalikwepa. Kwenye vitabu vyake vya kwanza jambo hili lilinisumbua na bado linanisumbua. Ukivifungua unaona Amboseli ya wanyama na mawingu, hakuna boma, hakuna ng'ombe, hakuna mtu, kana kwamba Wamasai hawakuwepo pale miaka yote wakichunga pembeni ya tembo hao hao. Ni ile Afrika tupu ambayo wageni wameipenda tangu enzi za wakoloni, na mtu anayeiamini sana anaishia kuona mwenyeji ndiye tatizo.

Lakini nimpe haki yake, alitembea. Kwanza wakaingia marenja, tena wakiwa watu wenye sura na hadhi sio kivuli cha nyuma, halafu wakaja watu wa jalalani na chini ya daraja, halafu wale waliopoteza mazao na nyumba wakakaa mbele ya kamera wakiwa sawa na kifaru. Na hela za picha zikarudi kwenye ardhi ile ile, kijana wa Mbirikani, eneo la Wamasai jirani na Amboseli, analipwa mshahara kulinda tembo. Wapiga picha wangapi wameondoka na tembo wetu ukutani bila kuacha hata shilingi? Kinachobaki ni kwamba hadithi hii ingepigwa pia na watu wa kwetu kwa ukubwa huo huo, na hilo sio jukumu la Brandt, ni letu.

Mpiga picha wa namna hii anapata hela wapi?

Sio kwenye likes. Picha inachapishwa kwa toleo lenye ukomo, tuseme nakala 15, kila moja ina namba na sahihi, zikiisha zimeisha, na kadiri zinavyopungua bei inapanda. Zinauzwa kupitia galari, na galari kwa kawaida inachukua karibu nusu. Kwenye nusu yako utoe uchapishaji kwenye karatasi ya pamba isiyopauka, fremu, usafirishaji, na kodi. Kuna vitabu pia lakini vitabu vya picha vinaleta jina kuliko hela. Na miradi ya ukubwa wa Brandt, kujenga sheli nzima porini, inakula fedha nyingi kabla hata picha moja haijauzwa. Miaka ya video za muziki ilimpa ujuzi wa kuongoza timu kubwa, ndiyo maana anaweza.

Niko Arusha au Nairobi na sina hela ya lensi kubwa, naweza kuanza?

Unaweza, na nimefurahi umeuliza. Kwanza umeona mwenyewe lensi kubwa sio lazima, lensi ya milimita 50 inatosha kuanza. Pili una kitu ambacho mgeni hana, raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kidogo sana mbugani ukilinganisha na wageni, na unaweza kurudi tena na tena. Hifadhi ya Arusha inaruhusu kutembea kwa miguu na askari mwenye silaha, unasimama chini usawa wa twiga na nyati, mwanga wa asubuhi wa Meru uko nyuma. Nairobi mbuga iko mlangoni, mnyama na maghorofa fremu moja. Au usiende mbugani kabisa, kuna marabu wa kwenye miti ya Nairobi, kuna kunguru wa Dar, kuna punda wa Lamu wanaoishi na watu tangu enzi. Chagua mnyama mmoja au kundi moja ukae nalo mwaka mzima. Wengi wanakimbilia kukusanya wanyama tofauti wanaishia na albamu ya safari.

Na chapisha. Hata nakala moja, ukubwa wa A3, itundike chumbani uiishi. Picha ambayo haikuchoshi baada ya mwezi hiyo iweke pembeni, ndiyo ya kwako.

Nahitaji vibali?

Kupiga kama mtalii hapana. Ukiwa na mradi wa biashara, timu, taa, seti, ndio, zungumza mapema na KWS (shirika la wanyamapori) kwa Kenya au TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) kwa Tanzania. Droni usirushe hifadhini bila kibali maalum, watakunyang'anya na wanyama wanaogopa mno. Na ukiwa kwenye ardhi ya jamii ongea na wenyewe kwanza, mzee wa boma ana haki ya kukuuliza unapiga picha za nini na zinakwenda wapi.

Vitabu vyake ni ghali, nianzie wapi?

Tovuti yake ina picha za miradi yote bure, ziangalie kwenye kompyuta sio kwenye simu, zinahitaji nafasi. Anza na Inherit the Dust, kisha rudi nyuma kwa tembo wa Amboseli, kisha uje kwa Najin. Na ukipata maonyesho yoyote ya picha zake jirani na ulipo nenda, maana chapa kubwa ya tembo ukisimama mbele yake unahesabu mikunjo ya ngozi, na hilo kwenye kioo halipatikani.